Kontra inatiririka, skwea inakatikakatika: kasoro iko kwenye dansi au kwenye mpangilio wetu?

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Kamwene wadau. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kucheza dansi mbili za Kimarekani, kontra na skwea. Kwa wasiozijua: kwenye kontra mnapanga mistari miwili mirefu, kila mtu anatazamana na mwenza wake, mnacheza wanne wanne, na mzunguko ukiisha kila jozi inasogea na kukutana na jozi nyingine. Skwea ni jozi nne tu, kila jozi imesimama upande wake wa mraba, na kuna mwitaji anayetaja hatua mnazotakiwa kufanya.

Nina kikundi cha vijana kumi na sita wa usharika, wasichana kumi na moja na wavulana watano. Tuliwahi kupata wageni kutoka Minnesota, mke na mume wa makamo, wakatufundisha dansi zote mbili na kutuachia daftari la hatua pamoja na nyimbo kwenye flashi. Sasa tunaandaa onyesho la sikukuu ya mavuno na nataka tucheze zote mbili.

Shida ni hii. Tukicheza kontra, hatua moja inamwagikia kwenye nyingine. Kijana anamaliza swingi (kuzungushana wawili mkiwa mmeshikana) na jirani, yaani mtu wa jozi anayokutana nayo, hata hajawaza, mkono wake umeshadakwa kwenye duara, na duara linamfikisha kwa mwenza wake. Tukihamia skwea, kila baada ya hatua mbili tatu watu wanasimama. Wanashikana mikono vibaya, wanagongana mabega, na jozi za pembeni zinabaki zimeduwaa. Wakati hatua ni zilezile: dosido (kuzungukana mgongo kwa mgongo), alemandi (kuzungushana kwa mkono mmoja), nyota (wanne kutia mkono katikati na kuzunguka), promenedi (jozi kutembea pamoja kuuzunguka mraba). Wachezaji ni walewale, sakafu ni ileile ya saruji.

Mfuatano unaotushinda kuliko yote ni huu: jozi ya kwanza na ya tatu zinaingia katikati, nyota ya mkono wa kulia mzunguko mmoja, zinatoka, kila mtu anamgeukia kona wake (mtu wa jozi ya pembeni aliye karibu naye, asiye mwenza wake) kwa alemandi ya mkono wa kulia, kisha swingi na mwenza, kisha promenedi kurudi nyumbani. Kati ya nyota na kona ndipo kila kitu kinapokatika. Kuna binti mmoja mrefu, mchezaji mzuri kuliko wenzake wote. Pale anatoka bega limepinda na mkono umebaki nyuma, kila safari.

Mzee mmoja wa usharika alipita kututazama, akasema skwea ni dansi ya kuamrishwa, haiwezi kuwa na utamu wa kontra. Moyoni nakataa, ila sina hoja ya kumpa. Je, ni kweli kwamba skwea kwa asili yake haitiririki? Au kuna kitu sikioni?


Fundi Spika (Mwanjelwa, Mbeya)

Dada, kabla hujabadilisha hatua hebu kagua muziki. Mimi hupiga muziki harusini na nimewahi kuombwa kuandaa nyimbo za kontra kwa ajili ya chuo fulani, kwa hiyo nilizichambua. Wimbo wake una sehemu mbili, A na B, kila moja mapigo 16, na kila moja inarudiwa: A, A, B, B. Jumla mapigo 64. Mzunguko mmoja wa dansi ni mapigo hayohayo 64, ndiyo maana hatua na tungo la muziki vinamalizika pamoja. Mwendo wake uwe kama mapigo 110 hadi 120 kwa dakika.

Nyimbo nyingi za kwaya zetu zina beti za urefu mmoja na kiitikio cha urefu mwingine. Ukizitumia, mzunguko wa tatu mnakuwa mnaanza hatua katikati ya mstari wa wimbo. Za flashi ziko salama, shikilia hizohizo.


Uyole Juu (Mbeya)

Mwalimu, ugonile. Umefanya vizuri mno kuandika mfuatano wenyewe, bila huo tungekuwa tunabishana hewani. Nilisoma Amherst, Massachusetts, na Jumamosi nilikuwa naomba lifti kwenda Greenfield, kwenye ukumbi wa Guiding Star Grange, ambako kontra inachezwa kwa fidla na piano zinazopigwa palepale jukwaani. Nimeipenda dansi hii kuliko nyingine yoyote niliyoijua ukubwani. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Anza na mkono wa kulia. Nyota ya kulia, halafu kona kwa mkono wa kulia. Umeomba mkono uleule mara mbili mfululizo. Binti yako mrefu hana kosa lolote. Akiwa kwenye nyota mkono wake wa kulia uko katikati, anatembea kufuata upande wa saa, na mkono wa kushoto uko nje, mtupu, hauna kazi. Ukimwambia ampe kona mkono wa kulia, inabidi auachie, aurudishe kifuani, ageuze kiwiliwili, autoe tena upande mwingine. Hapo mapigo mawili yameshakwenda. Wachezaji wabovu hawaoni shida hiyo kwa sababu wanasimama kabisa kisha wanaanza upya. Yeye anajaribu kuendelea na mwendo, ndiyo maana bega linampinda. Mtazame yeye kila unapojaribu mfuatano mpya, atakuonyesha mahali penye kwikwi.

Badilisha iwe alemandi ya mkono wa kushoto. Mkono ulio huru ndio unaokwenda kwa kona. Ukimzungusha kona kwa kushoto, wa kulia umepumzika na uko tayari kumpokea mwenza kwa swingi. Kulia, kushoto, kulia. Kuunganisha nyota ya kulia na kona kwa kushoto ni jambo la kale kabisa kwenye skwea, na nahisi mwandishi wa daftari alikosea kunakili neno moja tu.

Sasa nikujibu swali lako kubwa. Mtiririko unatokana na mambo mawili unayoyakuta pale hatua inapoisha: mkono upi uko huru, na mwili unaelekea wapi. Chukua kontra moja ya kawaida sana, yenye mpangilio huu. A ya kwanza: balansi (kusogeleana na kurudi mkiwa mmeshikana) na swingi na jirani. A ya pili: duara kushoto robo tatu, kisha dosido na mwenza. B ya kwanza: balansi na swingi na mwenza. B ya pili: mnyororo wa wanawake, kisha nyota ya kushoto mzunguko mmoja, na hapo unakutana na jirani mpya.

Tembea nayo polepole ukiwa peke yako sebuleni. Swingi inazunguka kufuata saa. Mnapoifungua mkitazama ndani, mikono ya mbele tayari imenyooka kuelekea wenzenu, na duara la kushoto nalo linafuata saa. Hakuna aliyegeuzwa kwa nguvu. Halafu tazama ule mnyororo. Wanawake wanavuka katikati kwa kupeana mikono ya kulia, wanampa mwanamume wa upande wa pili mkono wa kushoto, naye anawageuza kinyume cha saa. Mkono gani wa mwanamke umeshikwa wakati huo? Kushoto. Anaelekea wapi? Kinyume cha saa. Na hatua inayofuata ni nyota ya kushoto, inayokwenda kinyume cha saa! Anaachia mkono wa mtu mmoja na kuutia palepale kwenye nyota, bila kukata hata pigo moja. Mimi kila nilipofika hapo nilikuwa natabasamu, na mzunguko unarudi mara kumi, kumi na tano, wala hauchoki nao. Nyota inapoisha, wa kulia uko huru kwa ajili ya jirani mpya.

Mtunzi alikaa mezani akayapanga hayo. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ya kweli kati ya dansi zako mbili. Kontra inatungwa mapema, inafundishwa kwa kutembea kabla muziki haujaanza, kisha inarudiwa mzunguko baada ya mzunguko. Baada ya mizunguko michache mwitaji ananyamaza na mwili unaendelea wenyewe. Skwea, hasa ile ya kisasa, mwitaji anaitunga huku mnacheza. Yeye ndiye anayebeba mtiririko kichwani mwake, sekunde kwa sekunde. Akijua kazi yake, skwea inatiririka kama kontra. Asipoijua, hata wachezaji wa Greenfield wangegongana.

Wala usidhani kontra ilizaliwa inatiririka. Katika zile za zamani za New England jozi tendaji ndiyo iliyofanya karibu kila kitu: inashuka katikati, inarudi, inazunguka wengine, na jozi ya pili imesimama inapiga makofi. Kuanzia miaka ya 1970 watunzi wakaanza kupanga dansi ambazo wote wanne wana kazi muda wote. Mkicheza skwea ya jozi moja kutembelea nyingine, ambapo jozi ya kwanza inakwenda kwa ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne, walioduwaa pembeni hawajakosea. Mtindo wenyewe umewaweka pale.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Muungano. Daftari linakupa hatua, haliandiki uzito. Swingi nzuri inakuwa hivi: nje ya mguu wangu wa kulia iko karibu na nje ya mguu wako wa kulia, wa kushoto unasukuma sakafu, mkono wangu uko kwenye ubapa wa bega lako, na kila mmoja anajiegemeza nyuma kidogo kiasi kwamba mwenzake akiachia, wote wanayumba. Macho kwa macho. Ukitazama ukuta utapata kizunguzungu. Alemandi vivyo hivyo, kiwiko kimekunjwa na mkono una nguvu ndani yake. Mkono ukilegea, mwenzako anazunguka peke yake kwa miguu yake na anachelewa kufika.

Nabahatisha hapa, unirekebishe: vijana wako wamelelewa na kwaya na kwaito za harusini. Huko kote mchezaji anatazama mbele, kwa waumini au kwa kamera, na hamshiki mtu. Kwenye mstari wa kontra hawana namna, mwenza yuko usoni. Kwenye mraba, hasa mkijua kuna onyesho, watageuza nyuso kwa watazamaji na mraba utafunguka upande mmoja. Hebu chunguza hilo.


Mvua ya Tukuyu

Uyole Juu umesema mengi ya kweli ila skwea umeionea kidogo, niruhusu niitetee. Nimeishi Ujerumani muda mrefu kabla sijarudi nyumbani Rungwe, na nilikuwa mwanachama wa klabu ya skwea huko. Askari wa Kimarekani ndio walioipeleka baada ya vita, Wajerumani wakaishika mpaka leo. Na wito unatolewa kwa Kiingereza kilekile, iwe Ujerumani, iwe Japani. Ndiyo raha yake: waitaji wana chama chao, CALLERLAB, kilichofanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1974, na orodha ya hatua ni moja dunia nzima. Niliingia ukumbi wa mji nisioujua, sijui jina la mtu yeyote, nikacheza jioni nzima.

Mnazungumzia muungano kama kitu cha mikono na macho tu. Upo mwingine. Katika skwea watu wanane wanasikiliza sauti moja na hakuna hata mmoja anayejua kinachokuja. Mwitaji anawavuruga, mwenza wako amepotelea upande wa pili, mraba umegeuka mistari, mistari imegeuka kitu kisicho na jina, halafu ghafla anasema alemandi ya kushoto, na kona wako yuko palepale mbele yako mkono ameshaunyosha. Ile nafuu inayowapata watu wanane kwa pigo moja, kontra haina. Haiwezi kuwa nayo, maana kila mtu anajua anakokwenda.

Na mmoja akipotea, wanane wote wamepotea. Watu huona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo sababu tulikuwa tunashikana kweli. Tulikuwa tunamvuta mwenzetu kwa kidole, kwa jicho, hata kwa kidevu, ili mraba usivunjike.

Kuhusu mtiririko, jifunze hii moja, Mwalimu, ina kila kitu ndani yake. Alemandi ya kushoto na kona, kisha kulia kwa mwenza, pita, kushoto kwa anayefuata, kulia, kushoto, mpaka unakutana na mwenza wako upande wa pili wa mraba, promenedi nyumbani. Wanaume wanazunguka kinyume cha saa, wanawake kufuata saa, mikono inapishana kulia na kushoto bila kurudia hata mara moja. Waambie vijana wasivutane. Mkono unashikwa, unasindikizwa, unaachiwa mabega yanapolingana. Wakishaweza hiyo, mweleze mzee wa usharika aje tena.


Uyole Juu (Mbeya)

Kaka Tukuyu, hiyo ya nafuu ya watu wanane nimeikubali, na nimeicheza kidogo kiasi cha kujua unachosema. Lakini nitashikilia hapa: ni muungano wa aina nyingine, na kikundi hakiwezi kuufikia kabla hakijajua hatua usingizini. Nyinyi klabuni mlisoma orodha kwa miezi kabla ya kuachiwa. Kontra inampa mgeni muungano jioni ya kwanza. Pale Greenfield niliingia sijui lolote, nikawekwa katikati ya mstari kati ya watu wanaojua, na kila jozi mpya niliyokutana nayo ilinirekebisha kidogo kwa mkono na kunipitisha kwa inayofuata. Nilipokosea, kosa lilikaa kwenye watu wanne kwa mapigo machache, mzunguko ukaisha, nikaanza upya na wengine. Na mpaka wimbo unakatika nilikuwa nimemtazama usoni karibu kila mtu wa mstari ule.

Kwa vijana wanaojifunza kutoka daftarini, mimi ningeujenga uzito na macho kwenye kontra kwanza, ndipo niwapeleke kwenye mraba wakiwa tayari na mikono yenye uhai.

Nimesahau kuhusu wavulana watano. Usihangaike kutafuta wengine. Siku hizi kumbi nyingi za kontra Marekani zimeacha kusema wanaume na wanawake, wanaziita nafasi hizo kwa majina ya ndege wawili, larks na robins, na yeyote anacheza popote. Wafunge vitambaa vya rangi mkononi, vinane vya kijani na vinane vyekundu. Anayesimama kulia kwa mwenza wake swingi inapofunguka ndiye mwekundu, basi.


Mwambao wa Nyasa (Ludewa)

Mimi kontra siijui, lakini nimecheza mganda tangu utotoni huku ziwani, na mnayoyasema nayatambua. Mganda ulitokana na beni, na beni iliiga bendi na magwaride ya wanajeshi enzi za ukoloni, kwa hiyo ni mistari iliyonyooka na hatua zilizokatwa sawasawa. Hatushikani mikono. Kinachotuunganisha ni ngoma kubwa na filimbi ya kiongozi.

Neno langu kwa Mwalimu ni kuhusu filimbi hiyo. Kiongozi mzuri hapulizi pale hatua inapobadilika. Anapuliza kabla, wakati miguu bado inamalizia hatua ya mwanzo, ili filimbi imalizike na mstari uwe umeshajua. Akipuliza kwenye pigo lenyewe, mstari wa mbele unageuka na wa nyuma unafuata, unaona wimbi bovu linapita. Huyo mwitaji wenu wa skwea anaita saa ngapi? Ni nani anayeita?


Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Wadau, Mungu awabariki. Nimekaa na daftari na majibu yenu, na Jumamosi hii tumeyafanyia kazi.

Mkono wa kushoto kwa kona: tulitembea bila muziki, kisha na muziki, na pale palipokuwa panakatika sasa hapaonekani. Yule binti alipotoka kwenye nyota na kumkuta kona mkononi mwake alipiga ukelele, akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Bega limenyooka.

Kuhusu kutazama mbele, Uyole Juu umeniona kutoka Mbeya. Mraba wa pili ulikuwa unafunguka kuelekea mlangoni, waliko wazazi. Nimewaambia wazazi wakae pande zote nne za ukumbi, si upande mmoja, na siku ya onyesho tutapanga viti hivyohivyo. Hapo hapo swingi zimebadilika, kwa kuwa hakuna tena upande wa mbele wa kutazama.

Mwambao, anayeita ni mimi, na ulivyouliza nimejirekodi kwa simu nikasikiliza. Nilikuwa naita pigo lenyewe la kubadilika. Sasa naita mapigo mawili hadi manne kabla, huku wanamalizia hatua. Kwenye promenedi naita wakiwa bado nusu ya njia. Hata walioduwaa pembeni wamepungua, maana wanapata muda wa kujua kuwa zamu yao inakuja.

Vitambaa vimefungwa. Wasichana wamefurahi kuliko nilivyotegemea. Walikuwa wanagombania wavulana watano na sasa hakuna wa kumgombania.

Swali moja limebaki, la kontra. Tuna jozi nane, mstari mmoja. Mzunguko wa kwanza wote wanacheza, wa pili jozi ya juu na jozi ya chini zinakosa watu wa kucheza nao. Zinabaki zinazubaa, na zikirudi ndani zinaingia upande usio wao, kisha makosa yanatambaa kuelekea katikati. Nifanyeje?


Mvua ya Tukuyu

Hilo namwachia Uyole. Ila Mwalimu, kwa skwea tafuta baadaye wito wa kuimba. Mwitaji anaimba wimbo huku anataja hatua, na umegawanyika sehemu saba za mapigo 64: ufunguzi, mbili za kubadilishana, mapumziko ya katikati, mbili tena za kubadilishana, na kufunga. Katika zile nne za kubadilishana kila mara unaondoka na kona wako kama mwenza mpya, na mwisho wa ya nne umerudishiwa wa kwako. Wewe ni mwalimu wa muziki, utaifanya kwa Kiswahili na tenzi mnazozijua, na wazazi wataufuata wimbo hata kama hatua hawazijui.


Uyole Juu (Mbeya)

Mwalimu, jozi iliyotoka mwishoni ibadilishane nafasi mara tu inapobaki peke yake: mwenza na mwenza wavuke, kitambaa cha kijani kiende alikokuwa mwekundu, kisha wageuke watazame ndani ya mstari. Wafanye hivyo mwanzoni mwa mzunguko, kwenye A ya kwanza, si mwishoni wakiwa wameshtuka. Baada ya hapo wasimame wameshikana mikono na kufuata kwa macho jozi iliyo mbele yao, kwa sababu hiyo ndiyo inayokuja. Kwenye ile nyota ya kushoto ya mwisho wawe wameshanyosha mkono wa kulia kumpokea jirani.

Wakisimama hivyo, hawatauliza wanaingia upande gani. Wajaribishe kwanza jozi ya chini, maana ndiyo iliyo mbali na sauti yako, ukiona imeshika ndipo uende kwa ya juu.